Nyambizi Iliyozama Mara Mbili: Kutoka Thetis hadi Thunderbolt

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ubaharia na uhandisi wa meli, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu, mabaharia wastaafu mlioketi mstari wa mbele, na ninyi vijana wa mwaka wa kwanza: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wazee wangu.

Niliombwa nizungumzie meli ya vita, na nadhani walionialika walitarajia nije na manowari za mizinga mikubwa, Bismarck na wenzake. Nimekuja na nyambizi. Tena si ile iliyozamisha meli nyingi kuliko zote, wala nahodha wake si yule anayetajwa wa kwanza watu wanapozungumzia vita vya majini. Ni nyambizi ya Waingereza iliyoua watu wake yenyewe kabla vita havijaanza, ikaopolewa, ikasafishwa, ikabatizwa jina jingine, ikapigana kwa zaidi ya miaka miwili, kisha ikazama tena na kila aliyekuwamo. Kwanza iliitwa Thetis, baadaye Thunderbolt. Nitawasimulia ilivyopigana, lakini njia ya kufika vitani inapita kwenye tundu moja dogo lililozibwa na rangi, kwa hiyo mnivumilie tukiwa bado kwenye amani.

Thetis iliundwa kwenye chelezo za Cammell Laird huko Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Ilikuwa ya daraja T: urefu wa mita 84, uzito wa tani 1,090 ikielea na tani 1,575 ikiwa chini ya maji, na mitutu 10 ya kurushia topido, yote ikitazama mbele. Topido, kwa ambao hamjafika somo hilo, ni kombora linaloogelea chini ya maji kwa injini yake lenyewe. Mitutu sita kati ya hiyo ilifikiwa kutoka ndani, kwenye chumba cha omo, yaani mbele kabisa ya chombo, na kila mmoja ulikuwa na milango miwili: kifuniko cha nje kinachotazama bahari, na mlango wa ndani unaowatazama mabaharia. Milango hiyo miwili haifunguliwi kwa pamoja. Nadhani hilo sina haja ya kulieleza.

Sasa, ukiwa ndani, utajuaje kama mtutu umejaa maji? Kwenye mlango wa ndani kulikuwa na koki ndogo ya kupimia. Unaifungua: maji yakichuruzika, mtutu umejaa, mlango huugusi. Yasipotoka, mtutu ni mkavu. Ni mtambo rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuuamini kuliko unavyostahili. Ndiyo maana ilitolewa pia sindano ya kuzibulia, maana tundu la koki huweza kuziba. Wanaopika kwa jiko la mafuta ya taa la pampu wanaijua kazi ya sindano hiyo.

Tarehe 1 Juni 1939 asubuhi, Thetis ilitoka Birkenhead kwenda Ghuba ya Liverpool kufanya majaribio ya kuzama. Ndani walikuwamo watu 103, karibu mara mbili ya mabaharia wake wa kawaida: maofisa wa nyambizi nyingine waliokuja kujifunza, mafundi wa kiwanda, rubani wa bandari, hata watu wawili wa kampuni ya chakula walioletwa kuhudumia mlo wa mchana. Kulikuwa na tagi, meli ndogo ya kuvutia meli nyingine, imeifuata, na wasio na kazi waliambiwa wanaweza kuhamia huko kabla ya kuzama. Hakuna aliyehama. Ninyi mngehama? Nyambizi mpya, bahari shwari, chakula kipo.

Alasiri wakajaribu kuzama na nyambizi ikakataa. Ilikuwa nyepesi mno upande wa omo. Kwenye karatasi za hesabu ya uzito iliandikwa kwamba mitutu namba 5 na 6 iwe na maji. Luteni Frederick Woods, ofisa wa topido, akaenda kuhakikisha kama kweli yamo. Akafungua koki ya namba 5. Hakikutoka kitu. Akaamini mtutu ni mkavu, na mlango wa ndani ukafunguliwa ili watazame.

Kifuniko cha nje kilikuwa wazi. Bahari ikaingia kwa upana wote wa mtutu, inchi 21. Koki haikutoa maji kwa sababu tundu lake upande wa ndani lilikuwa limepakwa rangi nzito ya lami kiwandani, na rangi ikakauka ikiwa imeliziba. Tumelelewa na methali inayotuhimiza kuziba ufa. Hapa balaa lilitoka kwenye tundu lililozibwa na hakuna aliyelizibua.

Lakini nisiwape hadithi ya tundu moja mkaondoka nayo. Kwenye chumba kile kulikuwa na vipimo vya kuonyesha kama vifuniko vya nje vimefungwa au la. Vilipangwa wima, na namba 5 ndiyo ilikuwa chini kabisa. Alama yake ya kufungwa ilikaa upande wa kinyume na za wenzake. Aliyevisoma kwa haraka alisoma mazoea yake. Kisha maji yalipoingia, watu wakakimbilia nyuma kufunga mlango wa chuma unaotenga chumba cha mitutu na chumba kinachofuata. Mlango ule ulifungwa kwa nati za masikio nyingi, na nati moja ikaangukia katikati ya mlango na fremu. Haukubana. Wakauacha, wakarudi nyuma zaidi na kufunga uliofuata. Badala ya chumba kimoja kujaa, vikajaa viwili, na kwa uzito huo omo ikaenda kuchoma kwenye tope.

Hapo bahari ilikuwa na kina cha chini ya mita 50. Nyambizi ina mita 84. Wahandisi mmeshaona kinachowezekana: usiku kucha waliokuwa ndani walihamisha maji na mafuta ili kuinua tezi, yaani sehemu ya nyuma, na asubuhi ya tarehe 2 manowari Brazen ikaikuta, mita kama tano za tezi ziko nje ya maji, kwenye jua. Watu zaidi ya tisini walikuwa hai ndani ya chuma ambacho mtu wa kwenye mashua angeweza kukigonga kwa mkono.

Kapteni Harry Oram na Luteni Woods walitoka kupitia chumba cha kujiokolea, wamevaa vifaa vya kupumulia. Oram hakuwa nahodha wa Thetis, alikuwa mkubwa wa kikosi. Alijifunga maelezo mkononi ili hata akifika juu maiti, wa juu wajue la kufanya. Baada yao wakajaribu wanne kwa pamoja, wakafa. Kisha wakatoka wawili, stoka, yaani baharia wa mitambo, Walter Arnold na fundi wa kiwandani Frank Shaw. Baada ya hao hakutoka mtu.

Kilichowaua waliobaki ni pumzi zao wenyewe. Watu 103 badala ya hamsini na kitu, ndani ya vyumba vilivyopungua viwili: hewa chafu ya kaboni hujaa upesi, kichwa huuma, akili huenda polepole, mikono haishiki. Mtu aliye katika hali hiyo ndiye unayemtaka afungue vali kwa mpangilio sahihi. Huko juu, mtu mmoja alipanda kwenye tezi na kuanza kufungua kifuniko cha chuma. Hewa ikaanza kutoka kwa nguvu na nyambizi ikayumba, wakaogopa, wakafunga. Mnaotoka Kanda ya Ziwa mtaniwia radhi nikikumbusha MV Bukoba, Mei 1996, jinsi gamba lilivyotobolewa, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli juu ikatoka, na meli ikaenda chini. Sitawahukumu waliofunga kifuniko wala waliotoboa gamba. Nasema tu kwamba uamuzi wa namna hiyo haupaswi kufikiriwa kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama juu ya gamba lenyewe.

Alasiri ya tarehe 2 waya wa kuishikilia ulikatika na tezi ikazama. Walikufa watu 99.

Mtu mwingine angewaambia kosa ni la Woods. Lawama zina tabia ya maji yaingiayo chomboni: tezi na omo, marejeo ni ngamani, chini kabisa ya chombo, na ngama ya jeshi ni ofisa kijana. Nani alipaka rangi bila kuzibua? Nani alikagua? Nani aliyechora vipimo vinavyotazamana kinyume? Nani aliyeruhusu watu mara mbili ya kawaida kwenye kuzama kwa mara ya kwanza? Tume ya Jaji Bucknill ilikusanya ushahidi mwingi sana, ikaishia kueleza mfululizo wa mambo badala ya kumtaja mkosaji. Binafsi nadhani mfululizo ndio ukweli. Ila mfululizo ni jibu zuri kwa mhandisi. Kwa mjane ni jibu baya, na nitawarudia wajane muda si mrefu.

Kazi ya kuiopoa ilichukua miezi mitatu na ilikula mtu wa mia moja, mzamiaji wa jeshi la majini Henry Perdue, aliyekufa Agosti kwa ugonjwa wa mgandamizo, ule unaompata mzamiaji anapopanda juu upesi mno. Iliburutwa chini ya maji hadi mchanga wa Moelfre, kisiwani Anglesey, na ikalazwa ufukweni tarehe 3 Septemba 1939. Siku hiyohiyo Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Tarehe hizo mbili kuangukiana ndiko kulikoamua maisha ya chombo hiki. Wakati wa amani huenda kingekatwakatwa kikauzwa chuma chakavu, maana nani angeomba kwenda kulala humo? Lakini vita vilipoanza, gamba zima la nyambizi mpya lilikuwa mali ambayo Waingereza hawakuweza kuitupa. Maiti walizikwa Holyhead katika kaburi la pamoja. Chombo kikarudi Birkenhead kwa mafundi walewale waliopoteza wenzao ndani yake, kikafunuliwa, kikasafishwa, mitambo ikawekwa upya.

Jambo moja lilibadilishwa ambalo hadi leo mtu wa nyambizi atakuonyesha kwa kidole. Kwenye mlango wa ndani wa mtutu liliwekwa komeo la ziada: ukifungua, mlango unasogea kidogo tu kisha unakamatwa. Kama nyuma yake kuna bahari, maji yanaruka kwenye mwanya huo mwembamba na unaweza kuufunga tena. Hauachii wote mpaka uuachie makusudi. Komeo hilo wenyewe wanaliita komeo la Thetis. Wakubwa walifuta jina kwenye omo, mabaharia wakalihifadhi mlangoni.

Mwishoni mwa 1940 nyambizi ikaingia kazini kwa jina la Thunderbolt, yaani radi, chini ya Luteni Kamanda Cecil Crouch. Wazee wangu hapa mbele wanajua mabaharia wanavyoona kubadili jina la chombo: ni mkosi. Lakini kukiacha chombo hiki na jina lake kungekuwa mkosi mkubwa zaidi. Jina jipya halikumdanganya yeyote aliyelala humo, kila mmoja alijua yuko wapi. Ninapowaza ujasiri wa Crouch na watu wake, sianzii kwenye mabomu. Naanzia ile siku ya kwanza alipotoa amri ya kuzama, na kila sikio ndani likasikiliza upande wa omo.

Doria ya kwanza ilikuwa Ghuba ya Biscay. Italia wakati huo ilikuwa na kituo cha nyambizi Bordeaux, Ufaransa iliyotekwa, na kila nyambizi iliyotoka au kurudi ililazimika kupita mlango wa mto Gironde. Ukitaka kumvizia simba unakaa njiani kwake kuelekea majini. Tarehe 15 Desemba 1940 nyambizi ya Italia Capitano Tarantini ilikuwa inarudi kutoka Atlantiki, Thunderbolt ikairushia topido, ikaizamisha. Nyambizi kuizamisha nyambizi si jambo la kila siku. Magazetini ilikuwa habari njema, na nina hakika huko Birkenhead kuna waliofurahi kuona kile chuma kimefanya cha maana.

Mimi nikifika hapo huwa nafikiria upande wa pili. Mitutu ileile iliyowazamisha watu 99 sasa ilikuwa imewatia Waitaliano maji yaleyale, giza lilelile, kina kifupi, pwani ikionekana. Vita ni vita na Tarantini isingemhurumia mwingine. Lakini kama kulikuwa na watu duniani waliojua kilichokuwa kikitokea ndani ya lile gamba la Italia, ni hao walioketi kwenye Thunderbolt.

Mwaka 1941 ilipelekwa Halifax, Kanada, kusindikiza misafara ya meli za mizigo kuvuka Atlantiki ya kaskazini. Kazi hiyo naipitia haraka, ingawa waliofanya hawakuipitia haraka. Wajerumani walikuwa na manowari kubwa zilizokuwa zinawinda misafara, na wazo lilikuwa kwamba nyambizi ikiwa karibu, manowari hiyo itaogopa kusogea. Kwa hiyo mlifanya nini? Mlielea juu, kwenye mawimbi ya kipupwe, katika chombo kilichoundwa kwa ajili ya chini, huku kila meli rafiki iliyokuona gizani ikijiuliza kama wewe si adui. Mara nyingi hakutokea lolote la kuandikwa.

Mediterania ndiko vita vyake vikubwa vilikokuwa. Jeshi la Ujerumani na Italia lililokuwa Afrika Kaskazini lilikula, lilinywa na liliendesha vifaru kwa kile kilichovuka bahari kutoka Italia. Kila tangi la mafuta lililozama karibu na Sisili lilikuwa kifaru kilichosimama jangwani. Waingereza waliijaza bahari hiyo nyambizi, na bahari hiyo ikazila, kwani maji yake ni maangavu kiasi kwamba ndege huweza kuiona nyambizi iliyo chini, kama kivuli.

Wanafunzi wa injini, hebu tazameni siku ya kawaida. Injini za dizeli zinahitaji hewa, kwa hiyo zinafanya kazi nyambizi ikiwa juu tu. Usiku unapanda, unawasha dizeli, unachaji betri, unabadilisha hewa, watu wanavuta pumzi. Alfajiri unazama, na kuanzia hapo mchana kutwa unakwenda kwa mota za umeme, mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu ukikimbia betri zinakwisha na huna pa kuchajia mpaka giza liingie. Jioni hewa imekuwa nzito, kiberiti hakiwaki vizuri, vichwa vinauma. Kwa maneno mengine, kila jioni mabaharia wa Thunderbolt walionja kidogo kile kilichowamaliza watangulizi wao kwenye vyumba vilevile. Wakipanda juu na kufungua mlango wa mnara, harufu ya bahari ilikuwa ikiwapa kizunguzungu.

Malengo mengi hayakuwa makubwa. Meli za mizigo za kati, na vyombo vya tanga vilivyobeba mizigo ya jeshi visiwani, ambavyo Crouch alivipiga kwa mzinga wa sitaha ili asipoteze topido. Majahazi, kwa lugha yetu. Sisi tuliozoea kuona jahazi likishusha mikoko na mbata hatuwezi kulisikia hilo bila kukunja uso kidogo, ila hesabu ya mizigo haikujali kama imebebwa na tanga au na moshi.

Na sasa nawarudia wajane, kama nilivyoahidi, kwa sababu tumefika 1942. Familia za waliokufa ndani ya Thetis zilikuwa zimeshitaki kampuni iliyoiunda. Waliomba nyaraka: mkataba, michoro, ripoti za uopoaji. Wizara ya majini ikasema hapana, ni siri za taifa, na Aprili 1942 Baraza la Malordi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likakubali kwamba waziri akisema nyaraka zikitoka taifa litadhurika, mahakama haitachungulia nyuma ya neno lake. Kesi hiyo ni Duncan dhidi ya Cammell Laird. Wenye ndugu wanaosoma sheria, Dar es Salaam au Nairobi, waulizeni. Wameisoma katika somo la ushahidi, pamoja na ile ya 1968, Conway dhidi ya Rimmer, iliyowapa majaji mamlaka ya kuzitazama nyaraka wenyewe.

Ukweli ni kwamba wizara ilikuwa na hoja. Michoro iliyoombwa ilikuwa ya chombo kilichokuwa baharini kikipigana, na vya daraja lake vilikuwa vingi. Ungewapa Waitaliano michoro hiyo? Mimi nisingewapa. Lakini ona hali ilivyo: chombo kimesamehewa na kupewa jina jipya, kinafanya kazi, kinasifiwa; mke wa fundi aliyekufia ndani yake anaambiwa asiulize kilivyotengenezwa. Baada ya vita kesi ilirudi, na mwaka 1946 Malordi waliona hakuna wa kulipa, Woods naye akasafishwa uzembe. Mimi sina ugomvi na kumsafisha Woods. Nina ugomvi na taifa lililopata nguvu ya kuburuta tani elfu moja za chuma hadi ufukweni kwa miezi mitatu, likakosa nguvu ya kuwaeleza wajane.

Turudi baharini. Desemba 1941 Waitaliano waliwafunza Waingereza somo gumu Alexandria: watu sita, wawili wawili, waliingia bandarini wamepanda topido zinazokwenda polepole kama punda, wakaziharibu vibaya manowari Queen Elizabeth na Valiant. Waingereza, ambao ni wepesi wa kuiga wakipigwa vizuri, wakaunda za kwao na kuziita Chariot. Watu wawili wanakaa mgongoni wamevaa nguo za mpira na vifaa vya kupumulia, vichwa vyao tu nje ya maji, mbele yao kichwa cha baruti kinachoweza kuchomolewa na kufungwa chini ya meli ya adui.

Thunderbolt ikachaguliwa kuzibeba, pamoja na Trooper na P311. Makasha ya chuma yalifungwa juu ya sitaha, na nyambizi ikawa nzito kupinda na rahisi kuonekana. Usiku wa kuamkia 3 Januari 1943, nje ya Palermo, Thunderbolt iliachia mbili na Trooper ikaachia tatu. P311 iliyokwenda upande wa Sardinia haikurudi kamwe. Katika tano za Palermo, iliyopandwa na Luteni Richard Greenland na mwenzake Alex Ferrier ilipita vizuizi vya bandari ikafunga baruti chini ya Ulpio Traiano, manowari mpya ya Italia iliyokuwa bado inamaliziwa kuundwa. Ikazama bandarini. Wapandaji wa Chariot nyingine waliiharibu meli ya abiria Viminale. Baadhi ya wapandaji walikufa, wengi wa waliobaki wakatekwa.

Je, ilistahili? Nyambizi moja na mabaharia wake wote, pamoja na wapandaji, kwa manowari moja isiyokuwa imekamilika na meli moja iliyoharibika. Wengi wa makamanda wa nyambizi hawakuipenda biashara hiyo, na nadhani walikuwa sahihi. Hata hivyo, wiki mbili baadaye Thunderbolt ilitumwa tena na Chariot, safari hii Tripoli, Jeshi la Nane la Uingereza likiwa mlangoni mwa mji, kujaribu kuwazuia Waitaliano wasizamishe meli zao kwenye lango la bandari na kuliziba. Matokeo yalikuwa haba. Makasha yakaondolewa, na Crouch akarudi kwenye kazi aliyoijua.

Machi 1943 alikuwa kaskazini mwa Sisili, karibu na Rasi ya San Vito. Tarehe 12 aliizamisha meli ya mizigo Esterel. Kuanzia hapo alisakwa. Tarehe 14 akakutana na Cicogna, koveti mpya ya Italia, meli ndogo ya kivita ya kusaka nyambizi, na bahati mbaya ya Crouch ni kwamba nahodha wake, Augusto Migliorini, alikuwa mtu wa nyambizi kabla ya kuhamia juu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kubahatisha. Anajiuliza tu yeye mwenyewe angefanya nini akiwa chini. Vyombo vya Cicogna vya kusikiliza vikaikamata, periskopu, darubini ambayo nyambizi huichomoza juu ya maji, ikaonekana jirani kabisa, mabomu ya kina, yanayolipuka chini ya maji, yakashushwa.

Waitaliano waliona tezi ikichomoza kutoka majini, ikasimama karibu wima, kisha ikateleza chini. Tezi hiyohiyo iliyosimama Ghuba ya Liverpool asubuhi ya Juni 1939. Safari hii chini hapakuwa na tope la mita hamsini bali zaidi ya mita elfu moja, na hapakuwa na Brazen, wala waya, wala mtu wa kupanda juu na kufungua kifuniko. Hakutoka hata mmoja.

Kwa hesabu ya vita ilikuwa nyambizi iliyofanya kazi yake vizuri: nyambizi moja ya adui, manowari moja kwa mkono wa watu iliowabeba, meli za mizigo, vyombo vya tanga, doria ndefu ambazo hazina la kusimuliwa. Crouch alitunukiwa DSO, nishani ya Waingereza ya maofisa waliofanya vizuri vitani. Walioandika juu yake hupenda kusema mkosi ulikifuata chombo. Sikubaliani nao. Iliyoua mara ya kwanza ni rangi, vipimo vibaya, nati na msongamano, na kila kimojawapo kilikuwa na mwenye kazi yake. Mara ya pili ni Migliorini, aliyekuwa hodari, na nyambizi nyingi za Waingereza zisizo na historia yoyote zilimalizikia bahari hiyohiyo. Ukiita yote hayo mkosi, umemfutia dhambi aliyepaka rangi na umemnyima sifa aliyekuwa hodari.

Mwalimu wenu wa karakana ameniambia ameleta koki tatu za kupimia, moja ameiziba kwa makusudi, na hatawaambia ni ipi. Tutashuka huko baada ya maswali. Naona mkono umeinuka nyuma pale, dada wa uhandisi. Karibu, sema kwa sauti wazee hawa wasikie.